Arobaini ya mwenzetu, Jumamosi hii

Assalam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote.

Hitma ya marehemu ni Jumamosi baada ya Alasiri, nyumbani kwake Msasani. Shemeji anasema mchele na mafuta vimeshapatikana. Wa kuchangia amtumie mweka hazina.

Jumapili alfajiri tutavuka kwenda Kigamboni, tuvue kwa namna aliyoipenda yeye. Kwa mliojiunga karibuni: hakutumia chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) wala chambo cha dagaa. Katika uvuvi ule uzito uko kwenye mshipi wenyewe, nao ndio unaobeba kidudu chepesi cha bandia mpaka kitue majini. Vidudu hivyo alivifunga kwa mkono wake usiku, manyoya ya jogoo na uzi juu ya ndoana. Alianzia kwa trauti wa mito ya Mlima Kenya, kisha akatuonesha kwamba hata kolekole wetu anashika. Na alitufundisha bila kumkaripia mtu, hata aliyemkatia mshipi. Nimemkumbuka mno wiki hii.

Wanawe watakuja na ufito wake. Naomba tuwaachie wao warushe wa kwanza.

Tukutane Feri, tuwahi pantoni ya kwanza. Wenye nafasi kwenye gari waandike hapa leo. Njooni na kofia, maji ya kunywa na miwani. Miwani ni lazima, maana mshipi hurushwa nyuma kwanza ndipo uende mbele, na ndoana hupita karibu na uso. Watoto wakae mbali na anayerusha.