Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wetu: kile chumba ulichotuahidi kimejaa viti

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na ofisi yako. Najua una mengi mezani, na mimi si mtu wa kuwaandikia wakubwa hadharani. Lakini barua nilizoleta ofisini zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na habari yake ikaishia hapo. Basi niruhusu leo niseme mbele ya watu.

Wiki iliyopita kile chumba cha nyuma ya ukumbi wa vijana kilifunguliwa bila sisi kuambiwa. Maboksi yetu ya kanda yakatolewa, yakawekwa barazani upande usio na mabati, na ndani vikaingizwa viti vya plastiki na mahema ya kukodisha kwa harusi na kwanjula, yaani sherehe za kutambulishana wachumba. Usiku mvua ikanyesha. Hebu ona, Mheshimiwa: hema, kitu kilichoshonwa kwa ajili ya mvua, kimelala ndani. Kanda zimelala nje.

Nilizikuta asubuhi. Wino wa lebo umechuruzika, majina hayasomeki tena. Utepe umegandana, ukijaribu kuuzungusha kwa kalamu unakatika. Zile za dukani sizililii sana. Ninazozililia ni zile ambazo vijana wa mji huu walijirekodi wenyewe kwa redio kaseti, mmoja anapiga meza kwa viganja, mwingine anachana mistari ya rap kwa Kiluganda na Kiswahili kilichochanganywa na lugha ya nyumbani, wakati mji mzima haukuwa na studio hata moja. Hazina nakala nyingine. Na baadhi ya waliochana humo tumeshawazika.

Nikukumbushe kidogo. Agosti 2023, hip-hop ilipotimiza miaka 50, ulikuja kwenye sherehe yetu, ukavaa kofia ukaigeuza nyuma mbele, ukapigwa picha. Picha ilitoka nzuri, siwezi kukataa. Ukashika kipaza sauti ukasema chumba kile ni mali ya vijana, kitawekwa rafu, umeme na kitasa kipya. Vigelegele vikapigwa. Kitasa kipya kweli kimewekwa. Ufunguo wake ndio hatujapewa.

Labda hukuwahi kuambiwa tunachofanya mle Jumamosi. Watoto wanakuja na mistari ya nyimbo za mwezi huu wameikariri yote, lakini ukiwauliza muziki huu umetoka wapi, wanakutazama tu. Kijana mmoja alinibishia hadi mishipa ya shingo ikamtoka kwamba rap ya Kiluganda imeanzia TikTok! Nikamwekea Bataka Squad, kundi la rap la hapa Uganda. Nikamweleza habari za Babaluku na wenzake wa kundi hilo, na jinsi mtindo wao wa kuchana kwa Kiluganda ulivyokuja kuitwa Lugaflow, enzi ambazo wengi waliamini kwamba usipochana kwa Kiingereza hakuna atakayekusikiliza. Nikapita kwa kundi la Klear Kut, akina Navio, nikafika kwa mchanaji GNL Zamba. Akanyamaza. Jumamosi iliyofuata alileta wenzake.

Mwanzo wenyewe wa hip-hop tunauanzia 11 Agosti 1973, nyumba namba 1520 barabara ya Sedgwick, Bronx, kule New York. Cindy Campbell anaandaa disko apate hela za nguo za shule, na kaka yake, Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, ndiye anayepiga santuri. Herc aliona kwamba wachezaji wanangoja kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akawa anatumia nakala mbili za santuri moja: kipande kikiisha upande huu, anakianzisha upande ule, watu wasipumzike. Sisi mashine za santuri hatuna. Tunatumia simu mbili zenye wimbo uleule na spika niliyoiokoa dukani kwangu. Mtoto mmoja anasimamisha, mwenzake anaanzisha. Mara nyingi wanachelewana, mdundo unajikwaa, kicheko kinaangusha mabati. Lakini siku wakipatia, huhitaji tena kuwaeleza kwamba zamani mfalme wa disko alikuwa DJ, na mchanaji alikuja kumsifia tu.

Na majirani hatuwaruki, maana huku mpakani redio zao tulizisikia kabla ya zetu: makundi ya rap kama Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, na Kwanza Unit wa Dar es Salaam. Kuna mwalimu wa Kiswahili anayewaleta wanafunzi wake wasikilize vina, kwa sababu mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unadai miradi. Baraza la Mawaziri nalo Julai 2022 lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima. Wewe mwenyewe hujawahi kumaliza hotuba bila kulitaja hilo. Sasa hao wanafunzi wakae wapi? Viti vipo, tena vingi, ila vimefungiwa.

Wengine wanasema umenong'onezewa kwamba kila anayechana ni mpinzani wa serikali. Kama ni hilo, karibu Jumamosi usikilize mwenyewe, kofia si lazima. Mimi nadhani ni pesa. Viti vinaingiza hela kila wikendi, kanda haziingizi kitu.

Lakini, Mheshimiwa, haya tumeshayaona. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi hii kati ya 1949 na 1954 akirekodi ngoma na nyimbo za wazee wetu. Rekodi zile zikahifadhiwa London, ikabidi miongo ipite ndipo nakala zikarudi Chuo Kikuu cha Makerere. Angalau zile kuna mtu alizitunza. Hizi zetu zikioza hapa barazani, wajukuu wetu watazifuata wapi?

Kwa sasa maboksi yako nyumbani kwangu, na nyumba yangu ni chumba kimoja. Mimi ni fundi simu, si tajiri. Mke wangu ameniambia nichague, maboksi au kitanda, na hakuwa anatania. Watoto wanakusanyika kwenye kibaraza cha duka, mwenye nyumba ameshaniletea maneno kuhusu kelele, na mwezi huu nimemchelewesha kodi, kwa hiyo sina ubavu wa kumjibu.

Nilitaka kuomba rafu na umeme kama ulivyoahidi. Nilitaka pia kuomba kanda zilizoharibika zipelekwe kwa mtu mwenye utaalamu. Naona nikiomba vyote utaunda kamati. Basi rafu acha, nitapigilia mbao mwenyewe. Umeme acha, nitavuta waya kwa jirani. Hata viti, tutavipanga upande mmoja na hatutakaa juu yake.

Tupe ufunguo. Muachie askari wa getini, nitaupitia kesho kabla ya kufungua duka.

Wako mtiifu, bado,
Fundi simu, mtunza kanda