Barua kwa mwanangu: Ndimu tatu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sikukuu yako, ile fedha ya Idi, iliingia kwenye simu usiku wa kuamkia Idi, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi, mikono haishikiki. Mdogo wako ndiye aliyenisomea: elfu hamsini, na jina lako. Niliacha kukuna nikacheka peke yangu. Mtoto niliyekuwa nikimfungia mia mbili kwenye ncha ya kanga aende Mnazi Mmoja kupanda pembea, leo ananipa mimi sikukuu!

Uliniambia ninunue kitu changu mwenyewe. Sikununua, na usinune. Asubuhi baba yako alipima fitri, zaka ya kumaliza Ramadhani, kabla ya kwenda kuswali, pishi moja ya mchele kwa kila kichwa, karibu kilo mbili na nusu, na yako kakutolea ingawa uko Dodoma. Hata kile kichanga cha shangazi yako, kilichozaliwa alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani, kimetolewa yake, na jino hakina. Mimi fedha yako niliitia kwenye nyama. Mwaka jana biriani yetu ilitoka sinia moja kwenda nje. Safari hii zimetoka tatu, na kila mlango nimesema, "Hii ya mwanangu."

Unamkumbuka bibi wa mlango wa pili? Ulikuwa darasa la nne nilipokutuma kwake na sahani ya Idi, ukarudi nayo ina ndimu tatu, kavu kavu. Nikakwambia uzirudishe, umwambie bibi asijisumbue, azitumie mwenyewe. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa barazani anasuka ukili. Wala hakunyanyua macho.

"Wewe ulipompelekea chakula, ulifurahi?"

"Sana, mama."

"Basi yeye unamnyimia nini?"

Nilivaa buibui nikaenda mwenyewe kuziomba zile ndimu. Aibu niliyoiona mlangoni pale sijawahi kumwambia mtu. Bibi alizifuta moja moja kwa kanga yake, akanipa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepokea mgeni kutoka Maka.

Bibi yule ndiye aliyenifundisha fitri, ingawa hakujua. Kumi la mwisho la Ramadhani majirani walimpelekea mchele, nasi tukiwamo. Asubuhi ya Idi, kabla ya swala, keshapima pishi yake kumpa mwenziwe wa nyuma. Sheria ndivyo ilivyo: mwenye cha kumtosha siku ile na usiku wake, kikabaki, naye anatoa. Zamani nikimwona kama anaonewa, maskini wa watu. Siku hizi naona angeonewa zaidi kama angeambiwa yeye kazi yake kupokea tu.

Sasa nikwambie jambo ulilokuwa hulijui. Ile elfu hamsini nusura niirudishe usiku ule ule. Nilijisemea, mwanafunzi huyu kaibana kwenye chakula chake, kesho atakula nini? Kidole kilikuwa tayari kwenye simu. Zikanijia zile ndimu. Nikaiweka simu chini nikaendelea kukuna nazi.

Na wewe niambie kweli: ulipomaliza kutuma, moyo ulikuwaje? Maana mdogo wako anasema ulimpigia mara mbili kuuliza kama mama keshaiona.

Leo Idi tatu. Watoto bado wanapita na nguo zao, vumbi limeshazipata. Mkate wa kumimina umebaki robo, nao baba yako anauzunguka.

Ukipata siku, mtazame mwenzio wa chumba cha jirani aliyekosa nauli ya kwenda kwao, mpikie hata tambi. Akikupa kitu, pokea. Hata kiwe kidogo namna gani, pokea.

Na ile sahani yangu ya maua uliyoondoka nayo na visheti, ukija uje nayo. Nitaangalia umetia nini.

Mama yako