Kidonge kisubiri sahani

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu Yohana,

Mbukwa, baba. Sisi wazima. Utingo wako alipita hapa jana kuchukua turubai, akanieleza ya Manyoni. Usimkaripie, mimi ndiye niliyembana. Ulivyokutwa umelalia usukani unajua mwenyewe, sina haja ya kukusimulia. Jumatatu unaanza safari za Kahama na ninachokuomba ni kimoja: usimeze kile kidonge cha kisukari kabla chakula hakijawekwa mbele yako.

Najua utasema uliambiwa "asubuhi". Asubuhi ya daktari ni ya mtu anayekunywa uji nyumbani kwake saa 1. Wewe unatoka saa 10 alfajiri, unameza kwa chai ya rangi, chapati unaikuta njiani saa 3. Chai ya rangi si chakula, Yohana. Kidonge chako kimeandikwa 2/500, maana yake ni dawa mbili ndani ya kimoja: miligramu 2 za glimepiride na 500 za metformin. Metformin peke yake ni nadra kuangusha sukari kupita kiasi. Glimepiride ndiyo yenye makali, kwa kuwa inalisukuma kongosho litoe insulini ya kushusha sukari, umekula hujakula, na hufanya hivyo kutwa nzima. Ikikuta tumbo tupu, ndiyo hilo jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuona taa mbili palipo na moja. Basi kidonge kisubiri sahani. Chakula kikipatikana saa 3, meza saa 3, na tonge la kwanza. Siku ukikosa mlo huo kabisa, acha na kidonge chake, na jioni usimeze viwili kufidia.

Kimeze kizima. Boksi lina herufi SR, yaani metformin yake imetengenezwa itoke polepole. Ukikikata au kukitafuna, inatoka yote kwa mpigo. Ukiona kitu kama ganda la kidonge chooni usishtuke, dawa ilishaingia mwilini.

Halafu ile chupa nyeupe niliyokupa mwezi wa 8, ya vidonge vilivyobaki vya baba yako, irudishe. Ile ni metformin tupu, na boksi lako jipya lina metformin hiyo hiyo kwa jina jingine la biashara. Tumbo lilivyokuharibikia wiki ile, usiyasingizie maji ya Singida. Maandishi ya kusoma ni yale madogo chini ya jina kubwa, na mtu aliyekaa dirisha la dawa miaka yote ile alipaswa kuyasoma kabla ya kumpa mwanawe chupa. Basi.

Sukari iwe mfukoni mwa shati, si kwenye begi nyuma ya kiti. Kabla ya kuwasha gari pima, na safarini kila baada ya saa mbili. Kipimo kikisoma chini ya 5 (mmol/L), kula kwanza. Ukianza kutetemeka usijiambie utafika kituo kinachofuata; weka gari pembeni, zima injini, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Au soda nusu ya chupa ya mililita 300, ila isiwe ile isiyo na sukari. Karanga hapo hazisaidii, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima. Bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula chakula cha kushiba, kwa sababu dawa bado inafanya kazi na itakushusha tena. Usishike usukani mpaka zipite dakika 45 tangu sukari ifike 5. Tajiri atanung'unika, mwache anung'unike. Utingo naye umfundishe: ukizimia asikutie kitu mdomoni, akukimbize hospitali. Unavyomficha ugonjwa huyo kijana anayelala nawe kabini ni upuuzi, nakwambia kama mama.

Ukienda duka la dawa kwa kikohozi au mkojo kuuma, taja kidonge chako kabla hujapewa chochote. Septrin, kwa mfano, inaiongezea glimepiride nguvu. Na zile dawa za mizizi za "kumaliza sukari" usizichanganye. Pombe juu ya tumbo tupu ndiyo usiiguse kabisa, hata mvinyo wa kwetu. Ukitapika au kuharisha kiasi cha maji kutokukaa tumboni, simamisha kidonge na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo: mwili ukikauka figo zinashindwa kuitoa metformin, nayo inageuka sumu. Figo zipimwe walau mara moja kwa mwaka. Vidonge visikae juu ya dashibodi. Kabini iliyofungwa kwenye jua la Bahi ni tanuri, na dawa hizo zinataka chini ya nyuzi 30.

Sikukatazi kazi. Usukani huo ndio uliowasomesha wadogo zako na kuezeka nyumba hii, na baba yako hachoki kuwaambia majirani. Ila ukiulizwa afya unajibu "niko poa", na hilo ulijifunza kwake.

Alizeti tumevuna magunia saba, mawili ni yako. Sema tuyakamue au tuyauze hivyo hivyo. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Fundi wa choo amekula hela ya saruji na simu hapokei, ukiwa na nafasi mpigie wewe, sauti ya mwanaume anaiogopa.

Chupa ya chai ya Mama Neema uliyoondoka nayo irudi, ameshaiulizia mara mbili. Yako nimekununulia, iko kabatini. Nilichagua ya mdomo mpana ili uji wa uwele upite. Mwambie mkeo aujaze usiku, saa 10 utakuwa bado wa moto. Unywe vikombe viwili, kidonge ukimeze na funda la kwanza.

Mama yako