Siku ile habari zilikuwepo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu "siku ambayo dunia haikuwa na habari" siwezi kuinyamazia. Bila shaka unaikumbuka: Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili 1930, saa tatu kasorobo usiku, mtangazaji wa BBC mjini London anawaambia wasikilizaji kwamba hakuna habari. Piano inapigwa mpaka robo saa ya taarifa inakwisha, kisha redio inarudi kwenye opera (mchezo wa kuimbwa) ya Wagner, mtunzi Mjerumani, iliyokuwa ikirushwa kutoka ukumbi wa Queen's Hall. Mpaka hapo mwandishi wako yuko sawa. Kisha akatia ya kwake: kwamba dunia ya wakati ule ilikuwa imetulia, watu hawana makuu, na habari nazo zimekwenda likizo.

Siku hiyohiyo watu waliteketea, Mhariri. Huko Costești, Romania, kanisa la mbao lilishika moto waumini wakiwa ndani. Mwaka ule Pasaka ya Waorthodoksi na ya makanisa ya magharibi ziliangukia Jumapili moja, kwa hiyo nao walikuwa kwenye ibada ya Ijumaa Kuu. Walikufa zaidi ya 100, wengi wao watoto. Hiyo ndiyo siku mliyoichapa kwenye safu ya vichekesho.

Na bado hujafika Chittagong, ambayo leo iko Bangladesh na wakati ule ilikuwa India ya Waingereza. Usiku ule, yapata saa nne kwa saa za huko, mwalimu wa shule aitwaye Surya Sen na vijana wake waliopinga utawala wa Waingereza, wapatao 60 na ushei, walivamia ghala za silaha mbili, moja ya polisi na nyingine ya kikosi cha akiba. Bunduki walizipata, risasi hawakuziona, na kosa hilo liliwagharimu sana siku nne baadaye walipozingirwa na askari kwenye vilima vya Jalalabad. Klabu ya Wazungu waliyopanga kuishambulia waliikuta haina watu kwa sababu ilikuwa Ijumaa Kuu. Sasa nakuomba usome sentensi hii mara mbili: kundi moja kati yao lilikuwa na kazi ya kuharibu ofisi ya simu na telegrafu, na jingine lilikwenda kuharibu njia ya reli. Walifanya hivyo makusudi, ili habari zisitoke. Saa nne za Chittagong, London jua lilikuwa bado halijazama, na taarifa ya habari ilikuwa bado saa tatu na zaidi mbele. Kama waya ungekuwa mzima, simu ya maandishi ingekwenda Calcutta, ikavuka hadi Bombay, ikaingia kwenye waya wa chini ya bahari kupitia Aden na Suez, na huenda ikafika mezani kabla mtangazaji hajakaa kwenye kiti. Waya huo kuna watu walioukata kwa mikono yao wakiwa tayari kufa. Surya Sen alinyongwa Januari 1934. Kumwambia msomaji kwamba siku hiyo hapakuwa na habari ni kumnyima habari hiyo kwa mara ya pili.

Mwandishi wako angejiuliza tu chumba cha habari cha wakati ule kilifanyaje kazi, angeuona mkasa wote. BBC ya 1930, iliyokuwa bado Savoy Hill, haikuwa na waandishi wake wa kutumwa nje. Ilikula kutoka kwenye mashirika ya habari, Reuters na mengine, yaliyoleta habari kwa mashine zilizochapa maneno kwenye utepe wa karatasi. Wahariri wake walikuwa wachache, na kazi yao ilikuwa kuchagua na kuandika upya ili isomeke kwa sauti. Robo saa, kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, inataka maneno 1,800. Siku ya kawaida hayo hupatikana bungeni, mahakamani, kwenye soko la hisa na kwenye ofisi za serikali. Ijumaa Kuu milango yote hiyo imefungwa. Za mbali nazo zilipitia kwenye waya, na waya ulitozwa kwa neno, hivyo cha kwanza kupunguzwa kilikuwa habari ya watu wasiojulikana London. Ndivyo meza inavyobaki tupu huku dunia inawaka.

Namsifu yule mtangazaji kwa jambo moja: hakujaza nafasi. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu redio zetu za leo zina simu mkononi na mtandao masaa 24, na bado taarifa ya saa mbili usiku ni uzinduzi wa warsha, kufungwa kwa warsha, na kiongozi fulani kuwataka wananchi wafanye kazi kwa bidii. Dakika 6 zinapita hujasikia tukio hata moja. Huku mahindi yameoza ghalani wilaya ya jirani, na mtu wa kuuliza hayupo kwa kuwa hakuna aliyelipiwa nauli.

Na usiniambie kwamba ni mzaha tu, haumdhuru mtu. Kwa kinyozi mtaani kwetu makala yenu ilisomwa kwa sauti, watu wakacheka, na kijana wa kidato cha nne akasema: "Kumbe wakoloni walitawala kwa amani." Alikuwa amekaa na daftari la historia mapajani. Gazeti lenye heshima zake ndilo lililomfundisha hivyo.

Napendekeza hivi. Kila mnapochapa kumbukumbu ya siku ya zamani, mwandishi aandike kwanza kwenye karatasi mambo matatu: kilichotokea siku hiyo, saa ngapi kilijulikana mahali habari iliposomwa, na kilipita njia gani. Asitegemee gazeti la siku yenyewe. Afungue na ya siku tatu au nne zinazofuata, kwa kuwa habari ya Ijumaa Kuu ilichapwa Jumamosi au Jumatatu, na ya mbali ilichelewa zaidi. Atazame pia angalau gazeti moja lililochapwa nje ya London. Akikosa hayo, kumbukumbu isichapwe, nafasi ipewe bei za sokoni.

Kuhusu 18 Aprili 1930, nataka masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, yakitaja Costești na Chittagong kwa majina. Mkiweza, wekeni na ramani ya safu mbili inayoonyesha njia ya waya kutoka Chittagong hadi London, na alama nyekundu pale ulipokatwa.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tanga