Hilo la Januari 1975 usilitupe

Mwanangu,

Picha ya lile rundo la majarida nimeipata, na swali lako chini yake nimelisoma mara mbili: "Mama, haya nayo tuchome?" Mengi, ndiyo. Panya wameshaanza kazi hiyo, wewe malizia tu. Ila lile la juu kabisa, lenye kisanduku chenye safu za taa na swichi kwenye jalada, liondoe hapo uliweke mahali pakavu. Na usilikunje, pini zake zimeshika kutu.

Ni Popular Electronics, toleo la Januari 1975. Nililinunua kuukuu, miaka mingi baada ya kuchapishwa, kwa bei ambayo baba yako hakuwahi kuambiwa na wewe usije ukamwambia. Jalada linajigamba kwamba hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza duniani ya kujiundia mwenyewe inayoweza kushindana na zile za kununua madukani. Jina lake Altair 8800. Kwenye hilo la "ya kwanza" walijiwekea maneno ya tahadhari, maana Julai 1974 jarida pinzani la Radio-Electronics lilikuwa limeshatoa Mark-8, kompyuta nyingine ya kujiundia, ya Jonathan Titus. Ushindani huo ndio uliowatia Popular Electronics haraka.

Sasa kitazame vizuri kisanduku chenyewe. Ni kitupu. Ed Roberts, mwenye kampuni ndogo iliyoitwa MITS kule Albuquerque, New Mexico, alimtumia mhariri Les Solomon huko New York mashine ya kwanza iliyokamilika, ikapotelea njiani. Siku za kuchapa zimekaribia, ya pili haipo. Basi likatengenezwa kasha, likawekwa taa na swichi usoni, likapigwa picha. Ndani hamna kitu. Miaka yote hii kila nikilishika jarida hili, hapo ndipo nacheka: jalada linalosifiwa kuliko yote katika historia ya kompyuta limebeba debe tupu.

Roberts mwenyewe hakuwa katika hali ya kucheka. MITS ilikuwa ikiuza vikokotoo, na bei za vikokotoo zilipoporomoka alibaki na madeni. Kilichomwokoa ni kubembeleza bei. Prosesa ya Intel 8080, ndiyo ubongo wa mashine, iliuzwa dola 360 kwa anayenunua moja. Yeye akaahidi kuchukua nyingi, akapewa kwa dola 75. Ndiyo maana aliweza kutangaza vipuri vyote, pamoja na kasha, kwa dola 397. Alitarajia kuuza mia kadhaa. Oda zikaja kwa maelfu, watu wakatanguliza hela kwa mashine wasiyoiona ila kwenye picha, na picha yenyewe ndiyo hiyo. Wengi walikaa miezi wakiisubiri. Steve Dompier, mmoja wa waliosubiri, alichoka akapanda ndege mpaka Albuquerque kwenda kuiulizia yake.

Umeniuliza pia ilikuwa inafanya nini. Hiyo ya dola 397, karibu hakuna. Haikuwa na skrini wala kibodi, wala pa kuhifadhia kazi yako. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, na baiti moja hubeba herufi moja tu. Aya ya kwanza ya barua hii isingeenea humo. Na baada ya kulehemu mamia ya viungo kwa mikono yako, kama hukukosea hata kimoja, zawadi yako ilikuwa kuwaka kwa taa.

Lakini usiidharau kabla hujaigusa. Chukua kalamu, tujumlishe namba mbili. Usoni pana safu ya swichi 16, na nane za kulia ndizo za kuingizia data. Juu ni 1, chini ni 0. Amri ya kwanza inaiambia prosesa ichukue namba iliyoko kwenye kumbukumbu, na kwa lugha ya 8080 ni 00111010. Basi unazipanga: chini, chini, juu, juu, juu, chini, juu, chini. Halafu unabonyeza swichi ya DEPOSIT, baiti moja imeingia. Prosesa inataka kujua namba iko wapi. Iko anuani ya 128, yaani chumba namba 128 cha kumbukumbu, kwa hiyo swichi ya kushoto kati ya zile nane unaipandisha, saba zilizobaki zinashuka, unabonyeza DEPOSIT NEXT. Kisha zote chini, DEPOSIT NEXT tena, kwa sababu kila anuani huandikwa kwa baiti mbili. Hapo umeandika amri moja. Bado kuhamishia namba hiyo pembeni, kuchukua ya pili kutoka 129, kujumlisha, kuweka jibu 130, na kurudi mwanzo. Jumla baiti 14. Ukikosea swichi moja, mashine haikuambii. Inakwenda tu kufanya ulichosema badala ya ulichotaka. Umeme ukikatika, unaanza upya.

Ya Paul Allen na Bill Gates, waanzilishi wa Microsoft, unayajua nusu. Allen alilinunua toleo hilihili kwenye kibanda cha magazeti pale Harvard Square, akamkimbilia mwenzake. Wakamwarifu Roberts kwamba wana BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya Altair. Hawakuwa nayo. Hawakuwa na Altair pia. Allen akaandika programu ya kuifanya kompyuta kubwa ya PDP-10 pale Harvard ijifanye 8080, wakaijenga BASIC juu yake kwa takriban wiki nane, na Monte Davidoff akawaandikia hesabu za desimali. Jarida lilionyesha mashine isiyokuwemo ndani ya kasha, na vijana nao wakauza programu isiyoandikwa. Wazungumzaji wa kuhamasisha watu hukipenda sana kisa hiki. Mimi hunitoa jasho. Allen alikuwa tayari yumo kwenye ndege kuelekea Albuquerque, inaanza kushuka, ndipo akakumbuka kwamba hawakuandika programu ya kuipakia BASIC kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu ilimohifadhiwa. Akaiandika palepale, kwa mkono, bila pa kuijaribia.

Alipofika, programu hiyo ya kupakia aliiingiza kwa swichi zilezile ulizozigusa sasa hivi kwa mawazo, moja baada ya nyingine, chini, juu, chini. Utepe ukasomwa. Akaandika kwenye teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, PRINT 2+2, na mashine ikachapa 4. Kwa hiyo wa kwanza kabisa kuitumia BASIC kwenye Altair alikuwa ni mtu ambaye kabla ya safari hiyo hakuwahi kuishika Altair.

Vilivyofuata vimeandikwa kila mahali, nisikuchoshe. Ninayemfikiria zaidi ni Roberts. Mwaka 1977 aliiuza MITS, akaachana na kompyuta, akaenda kusomea udaktari akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alihitimu 1986, akawa daktari wa mji mdogo wa Cochran, jimbo la Georgia, mpaka alipofariki Aprili 2010. Wagonjwa wake walimwendea na mafua na shinikizo la damu. Sijui ni wangapi walioketi kwenye benchi lake wakijua kwamba yeye ndiye mwenye lile debe.

Basi, malizia kusafisha. Yale yaliyoliwa na panya kachome, na yale ya mapishi mpe shangazi yako kabla hajaanza kuyaulizia. Kisha kaa chini na karatasi uliyoandika. Weka 2 kwenye anuani ya 128 na 2 nyingine kwenye 129, iendeshe, isimamishe, halafu ifungue 130. Taa nane za data zimejipanga mbele yako. Niandikie ni ipi inayowaka, ukihesabu kutoka kulia.

Mama yako