Barua ya wazi kwa morani wa Longido: rudisheni miiba ya alalili

Wanangu,

Juzi nimepita bondeni nikakuta miiba inayozunguka alalili, malisho yetu ya akiba, imesogezwa kando na ng'ombe wazima wanakula mle ndani, kwenye majani tuliyowawekea ndama na ng'ombe wagonjwa kwa ajili ya kiangazi. Nje nyasi zilikuwa tele. Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu, "Mzee, ukame si umeisha?" Usiku ule sikupata usingizi.

Ukame umezunguka tu, mwanangu. Nimeuona 1961 nikiwa mtoto, nikauona 1984, 2000 na 2009, na wa 2022 mmeuona wenyewe. Wa miaka ya 1890 ulishikana na sotoka ya ng'ombe na ndui ya watu, babu zetu wakauita Emutai, maangamizi. Hata tope la chini ya Ziwa Naivasha kule Kenya, walivyolisoma wataalamu, linaonyesha kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi huko kulikuwa kukavu kuliko leo. Huu wa majuzi uliletwa na La Niña, kule kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakotupunguzia mvua, iliyokaa miaka 3 mfululizo tangu 2020, na kwa wenzetu wa Kajiado hadi Somalia misimu 5 ikapita bila mvua ya maana. Halafu mwishoni mwa 2023 El Niño ikaleta mafuriko, nanyi mkasahau.

Sikilizeni langu. Mei 2009 mchuuzi alinipa laki nne kwa maksai mmoja mwekundu. Nikakataa, nikisema mnadani atapanda. Septemba tulikuwa tunamnyanyua kila asubuhi, wawili mkiani, wawili wameshika mti tuliompitishia chini ya tumbo. Akisimama, miguu inatetemeka, anatutazama. Siku aliyogoma kusimama niliuza ngozi yake kwa elfu tatu. Ada ya shule ya binti yangu ilikuwa imelala katika yule maksai, na binti akarudi nyumbani. Kwa hiyo msiniambie habari za kuhesabu mikia! Ng'ombe uliyeshindwa kumuuza akiwa mnene si mali, ni deni.

Mengine mnayajua. Maksai wauzwe masika yakiisha. Lambo lizibuliwe likiwa kavu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kuhama, si baada.

Wala lawama si yenu peke yenu. Sisi wazee tulikaa kwenye mikutano ya kijiji tukaweka dole gumba, nyanda za kiangazi zikagawiwa wenye fedha walime mahindi yasiyokomaa. Mababu waliuvumilia ukame kwa kuhama. Ninyi mtahamia wapi, na kila upande kuna uzio? Hilo linaniuma kuliko mizoga, maana nanyi ni watoto wangu, na nimewafungia njia kwa mkono wangu mwenyewe.

Alalili ndiyo iliyobaki. Kesho alfajiri nitakuwa pale na panga, nikikata matawi ya mgunga kuziba lile pengo. Njooni na viatu vigumu, na huyo aliyeniuliza naye aje.