Huo mwaka wa kiwandani, chukua

Mwanangu, mama yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta uvunguni mwa Hiace, mikono imejaa grisi, kijana akaniwekea simu kifuani. Kwa hiyo lile jibu langu la "maliza urudi" lihesabu limetoka chini ya gari.

Nilishapiga hesabu ya miaka 3 ya masomo yako, mbuzi wa kukupokea nimeshamchagua. Uliposema unataka mwaka mzima wa mazoezi kiwandani kabla ya mwaka wa mwisho, nikaona umeniongezea mwaka wa kukungoja. Usiku sikulala. Fundi mzima nimzuie mwanangu kushika spana?

Baba yako mkubwa anashikilia kwamba Coventry, hicho chuo chako cha Uingereza, si chuo kikuu hasa, eti kilikuwa politekniki, yaani chuo cha ufundi. Hapo kwenye politekniki hajakosea, ila zile za Uingereza zilipewa hadhi ya vyuo vikuu mwaka 1992, na hicho chako kiliwahi kuitwa kwa jina la Lanchester, mhandisi wa magari. Nikamjibu: kaka, hapo kwenye magari ndipo waliponinasa mimi fundi. Wajerumani waliupiga mji wenyewe wa Coventry mabomu Novemba 1940 kwa sababu ya viwanda vyake, na kuta za lile kanisa lisilo na paa ulilonipigia picha, hapo jirani na chuo, ndiyo kumbukumbu yake. Akanyamaza, akaomba chai.

Ila kabla hujasaini mkataba na kiwanda, nenda ofisi inayohudumia wanafunzi wa nje ukaulize habari ya viza. Yako ilikatwa kwa miaka 3, lazima iongezwe. Mwaka huo utafanya kazi kutwa nzima kwa kuwa ni sehemu ya masomo, lakini sasa hivi, muhula ukiendelea, saa zako za kazi mwisho ni 20 kwa wiki. Meneja wa ghala unakofanya kibarua akikubembeleza uongeze zamu moja tu, mwambie baba kakataa. Nisingizie mimi.

Mama yako anauliza kama koti lile linatosha. Mjibu wewe, mimi nimechoka kuulizwa.

Jambo la mwisho. Ile spana uliyonionyesha kwenye video, inayolia "ka!" nati ikishakaza inavyotakiwa, iliyotumika huko ni bei gani? Miaka yote nakaza kwa kusikilizia mkono, na juzi nimekata bolti ya silinda hedi, gari la watu. Nimenunua nyingine, mteja sijamwambia.

Baba yako